Mwashi Aliyeufunza Mji Mzima Kuruka

Katika kila mchezo kuna watu wawili ambao majina yao hayasahauliki upesi: bingwa aliyenyakua taji na tajiri aliyetoa fedha. Yuko na wa tatu, ambaye aghalabu hafanyiwi sherehe wala hajengewi sanamu. Huyu ndiye anayeuchukua mchezo kutoka mahali ulipozoeleka na kuupanda mahali ambapo watu waliuona kuwa ni wazimu. Anawafunza watoto bila malipo, anawashawishi wazee, anachimba uwanja kwa mikono yake mwenyewe, kisha anaondoka. Makala haya yanamhusu mmoja wa watu wa namna hiyo, nami nimemteua kwa makusudi kutoka mbali, ili tusije tukashikwa na ushabiki wa nyumbani tukashindwa kuitazama kazi yake kwa macho makavu.

Jina lake halisi ni Karl Hovelsen, ingawa Wamarekani waliompokea walizoea kuliandika Carl Howelsen, na ndivyo tutakavyomwita hapa. Alizaliwa mwaka wa 1877 katika mji wa Kristiania, mji mkuu wa Norwei ambao tangu mwaka wa 1925 umekuwa ukiitwa Oslo. Kazi yake ilikuwa uashi. Alijua kuchonga mawe na kupanga matofali, na kwa kazi hiyo alijipatia riziki yake karibu maisha yote. Mapenzi yake, hata hivyo, yalikuwa katika mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa ncha na kufungwa miguuni.

Najua msomaji ataniuliza: theluji na sisi, wapi na wapi? Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu tarehe 12 Februari 1998 huko Nagano, Japani, pale Philip Boit, mwanariadha kutoka nyanda zetu za juu, alipokuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho miongoni mwa waliofika, nafasi ya 92, takribani dakika 20 baada ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alikataa kuondoka mpaka Mkenya huyo afike, akamkumbatia ukingoni, na Boit alipojaliwa mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Kisa hicho kinapendeza, na walimu wengi wamekisimulia darasani. Nitakirejelea baadaye kwa sababu nyingine, isiyopendeza sana.

Kwanza tuelewe kwamba skii haikuzaliwa kuwa mchezo. Kwa Wanorwei ilikuwa chombo cha usafiri, kama vile mtumbwi kwa mvuvi wa Lamu au punda kwa mchuuzi. Theluji inapofika kiunoni mtu hawezi kutembea, atazama. Lakini akisimama juu ya mbao ndefu uzito wake husambaa, naye hupita juu juu kama majani makavu juu ya maji. Wawindaji, wakulima na askari walizitumia kwa karne nyingi. Ni katika karne ya 19 tu ambapo watu wa wilaya ya Telemark, mmojawapo akiwa mkulima maskini aliyeitwa Sondre Norheim, walitengeneza namna ya kuufunga mguu hadi kisiginoni, mbao zisichomoke mtu anapokata kona au kuruka. Hapo ndipo chombo kilipogeuka kuwa mchezo. Norheim naye alihamia Marekani mwaka wa 1884 na kufia huko mwaka wa 1897 bila utajiri wowote. Yaelekea mchezo huu una desturi ya kutowalipa wale wanaoujenga.

Howelsen alikulia katika mazingira hayo. Mwaka wa 1903 alipata ushindi Holmenkollen, mashindano ambayo kwa Wanorwei ni kilele cha heshima yote ya michezo. Lakini medali haipikwi sufuriani. Biashara ya ujenzi mjini Kristiania ilikuwa imeporomoka tangu mwaka wa 1899, na fundi asiye na ukuta wa kujenga hana tofauti na mvuvi aliyekaukiwa na ziwa. Mwaka wa 1905 alifanya waliyoyafanya maelfu ya Wanorwei wa wakati wake: alipanda meli, akavuka Atlantiki, akaenda kutafuta kibarua.

Alitua Chicago, mji wenye wahamiaji wengi wa kutoka kwao. Huko alishirikiana na wenzake kuanzisha klabu ya skii ya Norge, ambayo ipo hadi sasa. Miaka miwili baadaye akakutwa na bahati ambayo vijana wengi wangeiita ya mtende. Sarakasi maarufu ya Barnum & Bailey ilimwajiri. Ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, mahali ambapo hapakuwa na hata chembe moja ya theluji, alijengewa mteremko mkali uliopakwa mafuta mazito ya mgando. Howelsen alishuka kwa kasi, akaruka pengo la takribani mita 20 hewani, akatua upande wa pili huku watazamaji wakishika vichwa. Matangazo yalimpa jina la Mnorwei Arukaye. Watu walilipa kiingilio, walipiga makofi, wakarudi nyumbani.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Katika msimu ule wa sarakasi, watu waliomwona Howelsen akiruka walikuwa wengi kupita wote waliowahi kumwona kabla ya hapo, na pengine baada ya hapo. Ilhali hakuna hata mtoto mmoja wa New York aliyejifunza kuruka kwa sababu ya sarakasi. Mshangao hauzai ustadi. Mtazamaji wa sarakasi hufurahia kwa sababu anaamini kwamba anachokiona hawezi kukifanya, na mwenye sarakasi hula kutokana na imani hiyo. Howelsen aliumia mgongo katika kazi hiyo, akaiacha. Kama hadithi yake ingeishia hapo, mimi nisingekuwa na haja ya kuiandika, wala mtu yeyote asingekuwa na haja ya kuisoma.

Mwaka wa 1909 alihamia Denver, katika jimbo la Colorado, akarudia uashi wake. Milima ya Rockies ilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi, nayo ilimkumbusha kwao. Mwishoni mwa mwaka wa 1911 yeye na rafiki yake, Angell Schmidt, walipanda garimoshi hadi juu ya safu ya milima, wakashuka, wakafunga mbao zao na kuteleza kuelekea kijiji cha Hot Sulphur Springs. Walikikuta kijiji katika tamasha dogo la majira ya baridi. Wenyeji walikuwa wakiteleza barafuni na kuburutana kwa vigari vya theluji. Wageni wale wawili walirundika theluji, wakatengeneza kijukwaa cha kurukia, kisha wakaruka. Inasimuliwa kwamba habari zilienea kwa kasi, na mnamo Februari 1912 tamasha kubwa zaidi likaandaliwa kwa ajili hiyo hiyo.

Miongoni mwa walioyaona mambo ya Hot Sulphur Springs alikuwa Marjorie Perry, binti wa tajiri mmoja mwenye hisa katika reli na machimbo ya makaa ya mawe. Mwanamke huyu, aliyependa milima kuliko vikao vya chai, alitambua jambo ambalo watazamaji wa sarakasi hawakulitambua: kwamba Howelsen alikuwa na kitu cha kufundisha. Akamwambia aende Steamboat Springs, mji mdogo wa wafugaji ng'ombe ulioko ng'ambo ya milima, mahali ambapo theluji huanguka kwa wingi na kukaa kwa miezi. Mwaka wa 1913 Howelsen akaenda, akajipatia kishamba kidogo katika bonde jirani, akaishi huko huku akiwajengea watu nyumba.

Haifai kudhani kwamba watu wa Steamboat hawakuzijua skii. Walizijua, lakini kwa namna nyingine kabisa. Tangu karne ya 19 wachimba madini na wachukuzi wa barua wa milima ile walikuwa wakitumia mbao ndefu sana, nzito, pamoja na gongo moja la kuegemea na kufungia breki. Mhubiri mmoja wa Kimethodisti, John Dyer, alijulikana kote Colorado kwa kubeba barua na Injili pamoja juu ya mbao za aina hiyo. Kwa wafugaji, skii zilikuwa kifaa cha kwenda kulisha ng'ombe au kufika dukani. Majira ya baridi yenyewe yalikuwa adui. Njia zilifungwa, kazi zilisimama, watu walijifungia ndani wakihesabu siku mpaka theluji iyeyuke. Msomaji aliyeishi Turkana au Mandera wakati wa kiangazi kirefu anaijua hali hiyo ya kungoja.

Alichokileta Howelsen hakikuwa mbao. Alileta wazo kwamba msimu ule uliolaaniwa unaweza kupendwa. Nalo wazo hilo hakulihubiri kwa hotuba. Hakuwa msemaji wa kutajika, tena Kiingereza kilikuwa lugha ya ugenini kwake. Baada ya kazi ya mchana alikwenda mteremkoni na watoto. Aliwatengenezea vijukwaa vidogo vya kurukia, vya kimo cha mtoto, kisha akawapandisha ngazi kidogo kidogo. Hapa nadhani ndipo ilipo siri ya mtu huyu, na walimu wataielewa kuliko mimi. Bingwa wa Holmenkollen, mtu aliyewahi kuruka juu ya umati wa New York, alikubali kuanza na mruko wa hatua mbili tatu. Hakumwonyesha mtoto umbali uliopo kati yao. Alimwonyesha hatua inayofuata.

Mnamo Februari 1914 mji ulifanya Tamasha lake la kwanza la Majira ya Baridi. Mwaka uliofuata Howelsen alichagua kilima kilichosimama ng'ambo ya mto Yampa, mkabala na barabara kuu ya mji, akasimamia ujenzi wa jukwaa kubwa la kurukia. Chaguo hilo lilikuwa la busara kubwa, pengine kubwa kuliko alivyokusudia mwenyewe. Kilima hakikuwa mbali mlimani ambako wangefika wenye nafasi na nauli tu. Kilikuwa uani pa kila mtu. Mama aliyekuwa akianika nguo aliweza kumwona mwanawe akiruka. Mwaka wa 1917 watu wakakipa kilima kile jina la Howelsen, naye akiwa hai na mwiko wa uashi mkononi. Mwaka huo huo mrukaji Henry Hall alivunja rekodi ya dunia hapo hapo kwa kuruka futi 203, yaani karibu mita 62. Mji ambao miaka minne nyuma haukujua maana ya kuruka ukawa na rekodi ya dunia.

Tusisahau, bila shaka, kwamba kulikuwa na watu walioyaona hayo kwa jicho la biashara. Reli ilikuwa imefika Steamboat karibu na mwaka wa 1909, na mabehewa yanayokwenda matupu wakati wa baridi ni hasara. Tamasha lilijaza mabehewa, na wenye mahoteli wakafurahi. Sioni ubaya wowote katika hilo. Mwenye kuendeleza mchezo asiyeweza kumshawishi mwenye duka hatafika mbali, na Howelsen, ambaye sarakasi ilikuwa imemfunza thamani ya tamasha, alijua kuutumia utamu wa kutazama ili kupata uwanja wa kufundishia. Tofauti ni kwamba safari hii makofi yalikuwa njia, si mwisho wa safari.

Kuna jambo jingine ambalo lingekuwa utovu wa uaminifu kulinyamazia. Bonde lile la Yampa lilikuwa nchi ya watu wa kabila la Ute, waliowinda na kuoga katika chemchemi zake za moto muda mrefu kabla ya mfugaji wa kwanza mweupe. Mwaka wa 1881, baada ya machafuko ya mwaka wa 1879, wakuu wa Marekani waliwaondoa Waute hao wa kaskazini na kuwapeleka Utah. Howelsen alifika zaidi ya miaka 30 baadaye, wala hakuhusika. Lakini nchi tunayoisifia kwa michezo ilikuwa na wenyewe, na sisi tuliosoma habari za Nyanda za Juu na waliohamishwa kutoka humo hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Howelsen alirudi Norwei kuwaona wazazi wake. Ilikusudiwa iwe ziara. Huko akaoa, akazaa, akabaki, na Steamboat haikumpata tena. Aliendelea na maisha ya fundi hadi alipofariki mwaka wa 1955. Mwanawe, Leif, aliyezaliwa mwaka wa 1923, ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake. Jumla ya miaka ambayo baba huyo aliishi Steamboat haifiki 10.

Mtu angetazamia kwamba mchezo ungeondoka na mwenye mchezo. Ndivyo ilivyo kawaida: kocha akihama, nyavu huoza, na uwanja ukageuka malisho. Steamboat haikuwa hivyo, kwa sababu wale watoto wa vijukwaa vidogo walikuwa wamekuwa vijana, nao walikuwa na wadogo zao. Mwaka wa 1935 bendi ya shule ya upili ya mji ule ilianza kuandamana ikipiga tarumbeta na ngoma juu ya skii, na haijaacha mpaka sasa. Tamasha lenyewe limepita umri wa miaka 100. Watoto huvutwa na farasi katikati ya barabara kuu, wakiwa wamesimama juu ya mbao zao na kamba mkononi, kama vile baba na babu zao walivyofanya.

Kilimani hapo ndipo alipojifunza Buddy Werner, aliyezaliwa mwaka wa 1936, mmoja wa Wamarekani wa kwanza kuwatikisa Wazungu wa milima ya Alps katika mbio za kuteremka. Werner alifariki mwaka wa 1964 nchini Uswisi, akifukiwa na maporomoko ya theluji akiwa na umri wa miaka 28, na mlima mkubwa ulio karibu na mji ukapewa jina lake. Hapo pia alikulia Johnny Spillane, ambaye mwaka wa 2010 katika Olimpiki za Vancouver alikuwa Mmarekani wa kwanza kupata medali katika mashindano yanayounganisha kuruka na mbio za theluji. Mashindano hayo yanadai mtu awe na mabawa na mapafu kwa pamoja, na ni fani ambayo Howelsen mwenyewe aliimudu. Kati ya kijukwaa cha kwanza cha mwashi na medali ya Spillane kuna karibu miaka 100. Mji huo mdogo hujivunia kuwa umetoa wanaolimpiki wengi wa majira ya baridi, na hudai kwamba hakuna mji mwingine wa Amerika ya Kaskazini unaoufikia.

Sasa turudi kwa Boit, kama nilivyoahidi. Mwaka wa 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka yeye na mwenzake, Henry Bitok, nchini Finland kujifunza skii, ili ulimwengu uone kama mapafu ya mkimbiaji wa Kenya yanaweza kushinda theluji. Boit alijitahidi kwa ushujaa usio na doa. Alirudi Olimpiki za mwaka wa 2002 na za mwaka wa 2006, na huko Turin mwaka wa 2006 hakuwa wa mwisho. Lakini mradi wenyewe, ukiutazama vizuri, ulikuwa na mengi ya Madison Square Garden: mteremko uliopakwa mafuta, watazamaji wengi, na swali moja tu, je, ataweza? Hakuna aliyeuliza nani atafundishwa baada yake na wapi. Simlaumu Boit hata chembe, wala siwezi kuilaumu nchi ya ikweta kwa kukosa theluji. Nasema tu kwamba tulishangilia kisa cha kukumbatiana tukadhani tumeona mwanzo wa mchezo, kumbe tulikuwa tumeona tamasha.

Kasoro hii haihusu theluji pekee, nayo ndiyo inayonifanya niwaandikie walimu. Katika shule nyingi kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba kama pambo. Hesabu ikichelewa, hula kipindi hicho. Kukiwa na mkutano wa wazazi, huliwa tena. Kisha mara moja kwa mwaka timu huteuliwa, jezi hununuliwa, basi hukodiwa, na picha hupigwa. Wanafunzi 15 hucheza na 800 hushangilia. Tangu Januari 2026 Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya njia tatu za masomo katika shule zetu za sekondari za juu, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, njia hiyo itampokea mtoto akiwa na miaka 15 au zaidi. Watoto wa Howelsen walianza wakiwa hawajaota meno ya pili, kwenye rundo la theluji lililokuwa na kimo cha meza.

Wapo watakaosema kwamba Howelsen alikuwa na kilima, nasi hatuna hata uwanja wa kutosha mpira wa wavu. Ni kweli kwamba uhaba ni mwingi. Lakini kilima kile kilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, wafugaji wakakitazama kila siku kwa miaka 30 na zaidi wasione kitu ila mahali pa kupotelea ndama.

Kilima cha Howelsen hadi leo ni mali ya mji, wala hakikuuzwa kwa kampuni za mahoteli makubwa, ambazo zimeufanya mlima mwingine wa jirani kuwa kivutio cha wenye fedha kutoka pembe zote za dunia. Hakuna mahali pengine katika Colorado pa kuchezea skii palipodumu muda mrefu zaidi. Ardhi yake ina tabia ya kuporomoka, na halmashauri ya mji imelazimika kutumia fedha nyingi kuitengeneza kila baada ya miaka michache. Jioni za majira ya baridi, masomo yakiisha, taa za kilimani huwashwa, na watoto huvuka mto Yampa wakiwa wamebeba mbao zao mabegani.